Kutoboa kwa maji yenye msasa: Hesabu iko kwenye vipande vinavyopasuka

KATIKA biashara ya kutoboa matundu madogo kwenye vitu vigumu, hasara kubwa mara nyingi haitoki kwenye bili ya umeme wala kwenye mshahara wa fundi. Hutokea katika sekunde ya kwanza ya kazi, pale kito, kioo au kipande cha kauri kilichokwisha kugharimu fedha nyingi kinapopasuka kabla tundu halijatokea upande wa pili. Mwenye karakana asiyeihesabu sekunde hiyo anaweza kununua mtambo mzuri na bado akafunga mwaka kwa hasara.

Somo la wiki hii linahusu njia moja ya kutoboa ambayo wauzaji wa mitambo huisifu kwamba "inakata kitu chochote". Njia hiyo hutumia maji ya presha kubwa yaliyochanganywa na punje za msasa. Sifa hiyo ina ukweli mwingi, lakini haikukamilika. Anayefikiria kuweka mtaji wake hapo, au kupeleka mali yake ikatobolewe na mwingine, anapaswa kuelewa jinsi kazi yenyewe inavyokwenda.

ILIKOANZIA

Maji kukata vitu si jambo geni. Katika miaka ya 1950, Dk. Norman Franz, mtaalamu wa misitu huko Amerika ya Kaskazini, alikuwa akitafuta njia ya kukata mbao kwa maji. Aliyasukuma kwa nguvu kubwa kupitia katundu kadogo mno, na mbao zikakatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilikwisha kuanza kukata karatasi ngumu na maboksi kwa maji matupu.

Hata hivyo maji matupu yana kikomo. Hukata karatasi, sponji, mpira, hata samaki aliyegandishwa, lakini chuma na mawe huyashinda. Mwaka 1979 Dk. Mohamed Hashish, mhandisi mwenye asili ya Misri, alianza utafiti katika kampuni ya Flow huko jimbo la Washington, Marekani, wa kuchanganya punje za msasa ndani ya mkondo wa maji. Katika miaka ya 1980 mitambo ya aina hiyo ikaanza kuuzwa, na tangu hapo chuma cha pua, titani, marumaru, kioo na kauri vimekuwa vikikatwa kwa maji.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Pampu husukuma maji hadi presha ya bar 4,000 hivi. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 tu. Maji hayo hupita katika kito chenye tundu dogo, ambacho huwa ni yakuti au almasi. Kwenye mtambo wa kawaida tundu hilo huwa na kipenyo cha kama milimita 0.25 hadi 0.35. Maji yanapotoka hapo huwa na mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti hewani.

Chini ya kito kuna chumba kidogo. Mkondo wa maji ukipita hapo huvuta hewa, na hewa hiyo huvuta punje za msasa kutoka kwenye chombo chake. Maji, hewa na msasa huingia pamoja katika mrija mwembamba wa kabidi ya tangsteni, ambamo maji huzisukuma punje mpaka nazo zikapata kasi. Kinachotoka mwisho wa mrija ndicho kinachotoboa. Wenye kukata kwa hakika ni punje za msasa, na kazi ya maji ni kuzibeba na kuzipa kasi.

Msasa unaotumika zaidi ni ganeti, ndugu wa ganeti ya masonara, ingawa hii ya viwandani haina uzuri wa kuvaliwa. Hupendwa kwa sababu ni nzito, ni ngumu kiasi, na ikivunjika huacha kingo kali. Australia na India zimekuwa wazalishaji wakubwa wa ganeti ya aina hii. Upo msasa mgumu zaidi, kama ule wa oksidi ya alumini, na hukata vitu vigumu haraka zaidi. Tatizo ni kwamba huula mrija nao. Mrija ambao ungedumu makumi ya saa kwa ganeti unaweza kuisha mapema sana. Hapa msomaji aone kanuni ya kwanza ya kibiashara: msasa mkali kuliko wote si lazima uwe wenye faida kuliko wote.

KWA NINI WATU WAIPENDE

Njia nyingine za kutoboa matundu madogo zipo, na kila moja ina dosari yake. Keekee yenye ncha ya almasi hukanyaga kitu kwa nguvu, huchakaa, na ikiwa nyembamba sana huvunjika. Cheche za umeme hutoboa vyuma vigumu kwa usahihi mkubwa, lakini kitu kisichopitisha umeme, kama kioo na kauri nyingi, hazikiwezi. Miali ya leza ni ya haraka mno, ila hufanya kazi kwa joto; ukingo wa tundu unaweza kubaki na tabaka la kitu kilichoyeyuka kikaganda, na ndani yake nyufa ndogo.

Maji yenye msasa hayajali kama kitu kinapitisha umeme au la, na joto lake ni dogo, kwani maji yenyewe huondoka nalo. Chuma kilichopikwa hakipotezi ugumu wake ukingoni mwa tundu. Hii ndiyo faida inayolipiwa.

Mfano unaotajwa sana ni mapanga ya injini za ndege. Hewa inayoyapiga huwa na joto kuliko kiwango cha kuyeyusha aloi ya nikeli iliyoyaunda. Hayayeyuki kwa sababu yana matundu madogo, mengi yakiwa chini ya milimita 1, yanayopitisha hewa ya kupoza. Juu yake hupakwa kauri ya kuzuia joto. Kauri hiyo haipitishi umeme, kwa hiyo panga lililokwisha kupakwa haliwezi kutobolewa kwa cheche za kawaida. Maji yenye msasa hupita kauri na chuma kwa pamoja. Lakini nayo yana hatari yake: panga likiwa na uwazi ndani, mkondo ukishatoboa ukuta wa kwanza huenda kuula ukuta wa pili. Ndiyo maana uwazi huo hujazwa kitu cha kuulinda kabla kazi haijaanza.

Wapo pia wanaotumia msasa ndani ya kimiminika bila kukata tundu jipya. Nozeli za injini za dizeli zina matundu membamba mno, ya milimita 0.1 hadi 0.2 hivi. Kwa kawaida hutobolewa kwa cheche, kisha kimiminika chenye msasa hupitishwa ndani yake ili kulainisha ukingo wa kuingilia. Fundi hupima kiasi kinachopita, na kikifika kiwango kilichotakiwa, kazi husimamishwa. Tundu linauzwa kwa kiasi cha mafuta linachopitisha. Ukubwa unaoonekana kwa macho hautoshi.

UKITAKA TUNDU DOGO ZAIDI

Hapa ndipo mambo huwa magumu, na ndipo wanunuzi wengi wa mitambo hudhani kwamba inatosha kubadili mrija mnene kwa mwembamba. Haitoshi.

Kanuni inayofuatwa ni kwamba mrija uwe na kipenyo cha kama mara 3 ya tundu la kito, na punje ya msasa isizidi theluthi moja ya kipenyo cha mrija. Ikizidi, punje hukwama mlangoni na mrija huziba. Anayetaka mkondo wa milimita 0.25 basi anahitaji punje zisizozidi milimita 0.08. Hiyo si chenga tena, ni unga.

Unga una tabia mbaya: haumiminiki. Kila mama wa nyumbani anajua kwamba mchele hutiririka kutoka kwenye mfuko, lakini unga wa ngano hufanya mabonge na kuning'inia. Unga wa ganeti ni hivyo hivyo, na ukipata unyevu kidogo ndiyo kabisa. Msasa ukikatika kwa nusu sekunde, kinachopiga kipande ni maji matupu yenye presha yote, na hapo ndipo kioo hupasuka. Kwa karakana iliyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa hubeba unyevu mwaka mzima, kuhifadhi msasa mkavu ni sehemu ya gharama inayostahili kuandikwa kwenye mpango wa biashara.

Njia ya kukwepa tatizo hili ni kuchanganya msasa na maji mapema, uwe kama uji, kisha uji huo usukumwe kupitia nozeli moja. Hakuna hewa inayovutwa, kwa hiyo mkondo unaweza kuwa mwembamba zaidi na hautawanyiki haraka. Presha inayohitajika pia ni ndogo. Ubaya wake ni kwamba vali zote na nozeli hupitiwa na msasa, nazo huliwa. Kufunga na kufungua mkondo huo mara nyingi kwa siku ni kazi nzito kwa vali. Pia msasa hutuama chini kama mashine ikisimama, na wengine huongeza dawa ya kuuzuia usituame.

SEKUNDE YA KWANZA

Vitu laini kama chuma na vitu vinavyovunjika kama kioo haviliwi kwa namna moja. Chuma hukwanguliwa, punje hukata kinyuzi kidogo, na huliwa zaidi pale inapopigwa kwa pembe ya kulala. Kioo na kauri humeguka. Kila punje hufanya ufa mdogo, nyufa zikikutana chembe hutoka, na huliwa zaidi kinapopigwa wima. Kwa hiyo kutoboa wima kunaenda vizuri kwenye kauri, lakini kwa kutumia nyufa. Ufundi wote ni kuhakikisha nyufa hizo zinabaki ndogo.

Mwanzoni tundu halina mlango wa kutokea. Maji yanayoingia hayana pa kwenda isipokuwa kurudi juu yalikotoka, yakigongana na yanayoshuka. Presha hujengeka chini ya shimo na kusukuma kuta kwa nje. Kioo hupasuka. Kitu kilichotengenezwa kwa matabaka, kama fibre ya kaboni, huachana tabaka kwa tabaka. Tundu likishatokea upande wa pili hatari hupungua sana.

Mafundi hutumia njia tatu kuu. Ya kwanza ni kuanza kwa presha ndogo na kuipandisha polepole. Ya pili ni kuuvuta msasa kwa pampu ya hewa ili uwe umeshafika kwenye mrija kabla maji hayajaanza kupiga. Ya tatu ni kukibana kipande kati ya vibao viwili, ili tundu liingie na kutoka kwenye kibao, na kingo za kipande zisimeguke. Hata hivyo kuna vitu visivyookolewa na njia yoyote. Kioo cha usalama kilichopikwa, kama cha madirisha ya ubavuni ya magari mengi, hubeba mkazo ndani yake, na kikiguswa hugeuka chenga zote kwa pamoja. Hicho hutobolewa kabla ya kupikwa. Muuzaji anayesema mtambo wake hukata kitu chochote aulizwe kuhusu kioo hicho.

HESABU YA MFANO

Tuchukue karakana inayotoboa mawe ya vito ili yavaliwe kama shanga. Tanzanite ni mfano unaofaa. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi kama ukuni unaofuata nyuzi zake, na haipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu, si bei za soko.

Njia A inatoza shs. 1,500 kwa tundu, na katika mawe 100 hupasua 12. Njia B inatoza shs. 2,500 kwa tundu, na hupasua 3. Kila jiwe kabla ya kutobolewa lina thamani ya shs. 20,000.

Njia A: malipo ya kutoboa ni shs. 150,000. Mawe 12 yaliyopotea ni shs. 240,000. Jumla shs. 390,000. Yakigawanywa kwa mawe 88 yaliyobaki mazima, kila tundu zima limegharimu kama shs. 4,432.

Njia B: malipo ya kutoboa ni shs. 250,000. Mawe 3 yaliyopotea ni shs. 60,000. Jumla shs. 310,000. Kwa mawe 97 mazima, kila tundu limegharimu kama shs. 3,196.

Njia iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa rahisi. Lakini asikimbilie mtu kusema njia B ni bora daima. Kama jiwe lina thamani ya shs. 5,000 tu, hesabu hiyo hiyo hutoa shs. 2,386 kwa njia A na shs. 2,732 kwa njia B. Mpaka wa njia hizi mbili uko kwenye jiwe la kama shs. 8,300. Chini ya hapo, A. Juu ya hapo, B. Kila mfanyabiashara anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe na kuupata mpaka wake kabla ya kusaini hati ya mkopo.

MSASA NA MRIJA

Kwa mtambo wa kawaida, msasa ndio mara nyingi gharama kubwa kuliko zote za uendeshaji. Ukitumia gramu 350 kwa dakika, hiyo ni kilo 21 kwa saa, au kilo 168 kwa siku ya saa 8. Mrija ukipunguzwa kipenyo mara 3, eneo lake hupungua mara 9, na msasa unaotakiwa hushuka hadi kama gramu 39 kwa dakika, yaani kilo 2.3 kwa saa. Kwa hiyo katika matundu madogo gharama ya msasa hushuka, na mahali pake huchukuliwa na mrija, vali na vipande vilivyoharibika.

Mrija nao hauna budi kuangaliwa kila siku, kwa sababu ubovu wake hauji kwa kelele. Mrija wa milimita 0.25 ukiliwa mpaka 0.30, tofauti ni milimita 0.05 tu, ambayo jicho haliioni. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 44. Kama tundu ni la kupitisha hewa ya kupoza au mafuta, mteja atairudisha mali yote. Mwenye kuchelewesha kubadili mrija ili aokoe fedha huwa anakopa kwa riba asiyoijua.

Kuna pia uchafu wa kutupa. Msasa uliotumika hubaki kama tope lenye chembe za kitu kilichokatwa. Tope la marumaru ni jambo moja, tope lenye risasi au berili ni jambo jingine kabisa. Na asidanganyike mtu kutumia mchanga wa mtoni kwa kuwa ni wa bure: mchanga wenye silika nyingi ukikauka na kuwa vumbi huharibu mapafu ya wafanyakazi bila tiba ya kuyarudisha.

Usalama wa mkono wa fundi ndio wa kutiliwa mkazo kuliko yote. Mkondo huu ukimpiga mtu, jeraha kwa nje huweza kuonekana dogo kama la sindano, ilhali maji na uchafu vimeingia ndani ya nyama. Mtu huyo hapaswi kufungwa bendeji na kurudi kazini. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe kwamba ni jeraha la maji ya presha.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi wa mtambo au mteja wa huduma anashauriwa kupata majibu ya maswali haya:

1. Katika vipande 100 vya kitu changu mimi, si sampuli ya muuzaji, vingapi vilipasuka wakati wa kuanza tundu?

2. Mrija mmoja hudumu saa ngapi kwa msasa uliopendekezwa, bei yake ni kiasi gani, na hupatikana baada ya siku ngapi ukiagizwa?

3. Msasa wa ukubwa unaohitajika unapatikana kwa wauzaji wangapi? Penye muuzaji mmoja hakuna soko, kuna amri.

4. Tundu la juu na la chini hutofautiana kwa kiasi gani? Mkondo hupanuka kadiri unavyokwenda mbali na mrija, na tundu refu huweza kutoka na umbo la faneli.

5. Umeme ukikatika katikati ya tundu, kipande kinaokolewaje?

Swali la tano linaweza kuonekana dogo kwa muuzaji aliyetoka nchi ambako umeme haukatiki. Kwa karakana ya kwetu ndilo linaloweza kuamua. Pampu ikisimama ghafla na ikaanza tena, tundu lililokuwa nusu hupigwa upya, na hatari ya sekunde ya kwanza hurudi mara ya pili. Mwenye kazi ya vipande vya thamani kubwa anapaswa kuongeza bei ya jenereta kwenye bei ya mtambo kabla ya kuanza kupiga hesabu ya faida.